Stesheni Iko Chini, Mji Uko Juu

Ndugu msikilizaji, na wewe unayenisoma leo gazetini, juma lililopita nilipata barua ya msikilizaji mmoja wa Temeke. Anasema duka analonunulia unga limempa kalenda, na kwenye ukurasa mmoja kuna picha ya mji wa Italia uliokaa kileleni mwa kilima kama kiota cha mwewe. Nyumba zimebanana, ukuta umezizunguka, na chini yake ni bonde pana, tambarare, lenye rutuba, ambalo karibu halina mtu. Anauliza maswali mawili. La kwanza: watu hawa walikuwa na akili gani kuacha ardhi nzuri ya chini wakaenda kujibana juu ya mawe? La pili: maji walikuwa wakiyapandishaje?

Maswali yote mawili ni mazuri, ila la pili linazidi la kwanza. Nimeona leo niyajibu, kwa kuwa miji hiyo nimeitembelea kwa miguu yangu mwenyewe, na magoti yangu ni mashahidi.

Ilikuwa Novemba mwaka 2022. Nilikuwa nimemaliza mafunzo mafupi ya watangazaji mjini Roma, nikabakiwa na siku tisa kabla ya ndege yangu, na fedha kidogo. Mkufunzi mmoja, mzee wa kunyoa ndevu kila asubuhi hata siku ya mapumziko, akanipa shauri ambalo nalitoa bure kwa yeyote atakayekwenda huko. Usihamehame na begi, akasema. Tafuta mji mmoja ambapo reli zinakutana, panga chumba, kila asubuhi panda treni na kila jioni rudi ulale palepale. Akanitajia Foligno.

Foligno upo mkoa wa Umbria, katikati ya Italia, na upo tambarare. Hapo reli itokayo Roma kwenda Ancona, kwenye bahari ya Adriatiki, inakutana na reli itokayo Terontola na Perugia. Ukikaa Foligno, Spello ni stesheni ya kwanza tu, hujamaliza hata kufungua gazeti. Assisi ni kama robo saa. Perugia haifiki saa moja. Ukigeukia upande wa kusini unapita Trevi, kisha Spoleto. Hata Orvieto unaweza kwenda na kurudi kwa siku moja, mradi ubadilishe treni pale Orte na uwe na subira. Vitabu vya watalii haviusifu sana mji huu, na ndiyo maana chumba kilikuwa rahisi. Mwenye nyumba alikuwa mjane wa zaidi ya miaka sabini, ambaye marehemu mumewe alikuwa fundi wa reli. Nilimwita Mama, naye hakukataa.

Siku ya kwanza nilianza kwa aibu. Huko tiketi ya karatasi ya treni za mkoani haitoshi kuinunua. Kabla ya kupanda lazima uipitishe kwenye kijimashine kilichopo stesheni ipigwe muhuri wa saa. Mimi niliitia mfukoni, nikakaa dirishani kama mwenye treni. Mkaguzi alipokuja hakupiga kelele, alitikisa kichwa tu na kutoa kitabu cha faini. Ukisikia nasimulia safari hii kwa uchungu kidogo, jua nililipa.

Basi asubuhi hiyo bonde lote lilikuwa limejaa ukungu. Treni ilipita ndani yake kana kwamba inapita ndani ya pamba. Ghafla, upande wa kulia, nikaona Spello imetokeza juu ya ukungu, mawe yake ya rangi ya waridi yamepigwa na jua, kama kisiwa kilichotokeza baharini. Hapo nusu ya swali la kwanza ikajijibu yenyewe. Aliye juu humwona anayekuja. Anayekuja hamwoni aliye juu.

Miji hii ni mikongwe. Kabla Roma haijawa kitu, Waumbria na Waetruski walikwisha kujenga juu ya vilima hivi. Roma ilipotawala, kulikuwa na amani ya kutosha na watu wengi wakashuka. Warumi walijenga barabara bondeni, na Foligno wenyewe ulikaa kando ya barabara yao kuu ya Flaminia. Lakini dola ya Roma ilipovunjika upande wa magharibi, katika karne ya tano, amani ya bondeni ilivunjika nayo. Barabara nzuri ikageuka kuwa njia nzuri ya adui. Watu wakakumbuka vilima vya babu zao.

Na adui alikuwa si mwenye mkuki peke yake. Mitaro ikiachwa bila kusafishwa, bonde hurudi kuwa bwawa, na bwawa lina wenyewe. Ndugu msikilizaji, hili neno malaria tunalolitaja kila siku katika zahanati zetu ni neno la Kiitaliano: mal'aria, maana yake hewa mbaya. Waliona kwamba anayelala bondeni anaugua homa na anayelala kilimani anapona, wakadhani ni hewa. Bonde la Chiana, lililo chini ya mji wa Cortona, lilikuwa kinamasi kwa karne nyingi hadi lilipokaushwa kwa kazi kubwa ya mifereji. Ni mwaka 1898 ndipo mtaalamu wa Kiitaliano, Giovanni Battista Grassi, pamoja na wenzake, walipoonyesha kwamba anayebeba homa hiyo kwa binadamu ni mbu aina ya anofelesi. Na Italia ilitangazwa na Shirika la Afya Duniani kuwa imeondokana na malaria mwaka 1970. Kwa hiyo wazee wale waliokimbilia kilimani hawakuwa wajinga. Walikosea jina la mwuaji tu.

Vita na homa ni sababu mbili. Ya tatu haiandikwi sana kwenye kalenda, nayo ndiyo iliyonifanya niitake habari hii. Si kila mtu aliishi juu.

Kuanzia zama za kati, sehemu kubwa ya mashamba ya Umbria na Toscana ililimwa kwa mpango wa nusu kwa nusu. Mwenye ardhi alikaa mjini, juu, ndani ya ukuta. Mkulima alikaa bondeni au ubavuni mwa kilima, katika nyumba isiyo yake, akalima shamba lisilo lake, na mavuno yakagawanywa mafungu mawili. Ngano nusu, divai nusu, mafuta ya zeituni nusu. Lakini jasho halikugawanywa. Sheria ya kupiga marufuku mikataba mipya ya namna hiyo ilitungwa Italia mwaka 1964. Narudia kwa wale waliofungua redio sasa hivi: mwaka 1964. Sisi Tanganyika tulikuwa tumekwisha kuwa huru miaka mitatu, na huko Ulaya kulikuwa bado na mkulima anayepandisha nusu ya debe lake kwa kabaila kilimani.

Ukiujua mpango huo, hata habari za Mtakatifu Fransisko zinasomeka vingine. Nilikwenda Assisi siku ya pili. Fransisko alizaliwa huko mwaka 1181 au 1182, mtoto wa mfanyabiashara tajiri wa nguo, mtoto wa juu kabisa. Alipobadilika, alifanya nini? Alishuka. Alitoka nje ya ukuta akaenda bondeni kwa wakoma na kwenye kikanisa kidogo kinachoitwa Porziuncola, na huko bondeni alifia mwaka 1226. Miaka miwili tu baadaye akatangazwa mtakatifu, na mwaka huohuo wa 1228 ukaanza ujenzi wa kanisa kubwa la kifahari kule juu. Mwaka 1230 mwili wake ukahamishiwa humo. Mtu aliyetumia maisha yake kushuka, walimpandisha alipokuwa hawezi tena kukataa.

Na hapa ndipo treni inapoingia. Stesheni ya Assisi haiko Assisi. Iko bondeni, Santa Maria degli Angeli, karibu na kikanisa kilekile, ambacho siku hizi kimefunikwa na kanisa kubwa kama yai ndani ya kapu. Kutoka hapo mpaka lango la mji ni kilometa kama nne, na zote ni za kupanda. Stesheni ya Spello iko chini. Ya Trevi iko chini kabisa, ukitazama juu shingo inauma. Ya Spoleto iko chini, ya Orvieto iko chini ya jabali, ya Cortona iko chini katika kijiji cha Camucia. Siku zote tisa sikushuka hata mara moja katika stesheni iliyo ndani ya mji wa kilimani.

Sababu ya kiufundi ni nyepesi: injini ya mvuke haikwei kama mbuzi. Lakini ina historia yake. Wakati Uingereza inajenga reli, sehemu hii ya Italia ilikuwa chini ya utawala wa Papa. Siyo utawala wa roho peke yake. Dola ya Papa ilikuwa na ardhi, kodi, askari na magereza. Papa Gregori wa Kumi na Sita, aliyekaa kitini toka 1831 hadi 1846, hakutaka kusikia habari za reli katika nchi yake. Aliyemfuata, Pio wa Tisa, ndiye aliyeziruhusu. Mwaka 1860 Umbria ikaunganishwa na ufalme uliokuja kuwa ufalme mpya wa Italia, na mwaka 1866 njia ya Roma hadi Ancona ikakamilika kupitia Foligno, na mwaka huohuo ikafunguliwa njia ya Perugia na Terontola. Roma yenyewe ilibaki mikononi mwa Papa hadi Septemba 1870, kwa hiyo kwa miaka minne abiria wa Foligno kwenda Roma alikuwa anavuka mpaka wa nchi mbili.

Sasa hebu fikiri. Kwa karne nyingi, mwenye nguvu alikaa juu na mnyonge chini. Halafu kitu chenye nguvu kuliko vyote, kinacholeta barua, bidhaa, magazeti na kazi, kikaja kikasimama chini, na kabaila akalazimika kushuka kilima kukifuata.

Nisamehe nikitoka nje kidogo. Mimi ni mtu wa Ujiji. Babu yangu hakuwahi kuisamehe reli ya kati. Ujiji ulikuwa mwisho wa njia ya misafara kutoka pwani, mji wa soko, mji uliojulikana duniani, na Stanley alimkuta Livingstone pale mwaka 1871. Lakini reli ilipofika ziwani mwaka 1914, haikwenda Ujiji, ilikwenda Kigoma. Babu alikuwa akisema, "Walitupita hivi, kama mtu anayempita mdeni wake." Kwa hiyo nilipokuwa nikishuka stesheni hizi za bondeni, na kuona kila moja imezaa mji mpya wa maduka na viwanda wakati mji mkongwe umebaki unatazama kutoka juu, nilikuwa na babu yangu begani.

Ila miji hii ya vilima haikukaa ikilalamika. Ilijenga ngazi. Na hapa ndipo tunafika kwenye lile swali la maji.

Nilikwenda Orvieto siku ya nne. Mji huu umekaa juu ya bamba la mwamba ambalo kingo zake zimekatika wima kama ukuta, adui hana pa kushika. Mwaka 1527 majeshi ya mfalme Karoli wa Tano yalipoivamia na kuipora Roma, Papa Klementi wa Saba alikimbilia Orvieto. Akiwa huko aliona hatari: mji hauwezi kuvunjwa, lakini unaweza kufungiwa ufe kwa kiu. Akaamuru kichimbwe kisima. Aliyepewa kazi ni msanifu Antonio da Sangallo, yule anayeitwa Kijana ili asichanganywe na mjomba wake. Kisima hicho, kinachoitwa cha Mtakatifu Patrizio, kina kina cha zaidi ya meta hamsini, na ndani yake kuna ngazi mbili zinazozunguka kama nyoka wawili waliosokotana, kila moja vidato 248. Ngazi hizi hazikutani isipokuwa chini kabisa, kwenye kidaraja. Nyumbu, nasema yule mtoto wa punda na farasi, si yule wa Serengeti, alishuka kwa ngazi moja na mapipa matupu na kupanda kwa nyingine na mapipa yaliyojaa, wala hakupishana na mwenzake. Nilishuka na kupanda mwenyewe. Mle ndani ni baridi na madirisha yamechongwa yakitazama tundu la katikati, na kadiri unavyoshuka mwanga unapungua mpaka unabaki kama sarafu juu ya kichwa chako. Nilihesabu vidato hadi mia na thelathini, nikaacha kuhesabu nikaanza kuwahurumia nyumbu.

Kisima kilikamilika mwaka 1537 chini ya Papa mwingine, Paulo wa Tatu. Shika jina hilo na jina la Sangallo, kwa sababu wawili hao nilikutana nao tena Perugia, na safari hii si kwa habari za maji.

Perugia ulipata maji yake mapema zaidi. Kwenye uwanja wake mkuu kuna chemchemi ya mawe ya kuchongwa, Fontana Maggiore, kazi ya Nicola Pisano na mwanawe Giovanni, iliyokamilika mwaka 1278. Watu hupiga picha sanamu zake, na ni haki. Mimi nilivutiwa zaidi na jinsi maji yalivyofika pale: yaliletwa kwa mfereji na mabomba kutoka mlima Pacciano, kilometa kadhaa nje ya mji, yakavuka bonde na kupandishwa hadi kileleni kwa nguvu ya msukumo wake yenyewe, katika karne ya kumi na tatu. Mji uliofanya hivyo ulikuwa mji wenye fedha na kiburi, unaojitawala.

Kiburi hicho ndicho kilichowagharimu. Mwaka 1540 Papa Paulo wa Tatu alipandisha bei ya chumvi. Perugia wakakataa kulipa, vita vikatokea, wakashindwa. Papa akavunja mtaa mzima wa ukoo wa Baglioni, mabwana wa mji, na juu yake akajenga ngome, ili mizinga yake iutazame mji. Aliyeichora ni nani? Sangallo yuleyule. Miaka michache kabla alikuwa amewapa watu wa Orvieto maji ya kunywa. Sasa aliwafunika watu wa Perugia. Na namaanisha aliwafunika: nyumba na vichochoro vya mtaa ule havikubomolewa vyote, vingine vilitumiwa kuwa msingi, vikawekewa dari la matofali juu, vikawa chini ya ardhi. Ngome hiyo, Rocca Paolina, ilikaa juu ya shingo ya mji kwa zaidi ya miaka mia tatu. Papa alipoondoka mwaka 1860, watu wa Perugia waliendelea kuibomoa mpaka sehemu kubwa ikaisha. Mkate wa Perugia mpaka leo hauna chumvi, na watu watakuambia ni kwa sababu ya ile kodi. Wanahistoria wanasema habari hiyo haina ushahidi. Nilimwuliza mwenye nyumba wangu, akasema wanahistoria waoke mkate wao.

Sasa sikiliza mwisho wa ngome. Mwaka 1983 mji uliweka ngazi za umeme, zile zinazotembea zenyewe, kutoka maegesho na vituo vya mabasi vya chini hadi kileleni, na wakazipitisha ndani ya tumbo la Rocca Paolina. Unasimama kwenye ngazi, mfuko wa vitunguu mkononi, unapandishwa kupitia vichochoro vile vilivyozikwa na Papa. Milango ya nyumba za karne ya kumi na tano ipo, madirisha yapo, yanatazama giza. Mwaka 2008 wakaongeza vigari vidogo visivyo na dereva, vinavyotoka bondeni, vinapita stesheni ya reli na kukwea hadi mjini.

Ndani ya kimojawapo nilikuwa nazungumza na simu kwa Kiswahili, nikasikia nyuma yangu, "Shikamoo kaka. Wa nyumbani?" Nikageuka. Ni mtawa kijana, mwenyeji wa Songea. Nikaitika, "Marahaba Sista, wa nyumbani kabisa." Alikuwa akijifunza lugha katika Chuo Kikuu cha Wageni, ambacho kimekuwa Perugia tangu miaka ya 1920 na kimepokea vijana wengi wa Afrika kabla hawajatawanyika vyuo vingine vya Italia. Akaniambia kwamba mwezi wa kwanza alikataa kupanda vigari kwa kubana matumizi, akawa anapanda kwa miguu kila siku. "Kaka," akasema, "hapa miguu inafaulu mtihani kabla ya kichwa."

Orvieto nao walikuwa wamewatangulia Perugia kwa ngazi. Mwaka 1888 mhandisi Adolfo Bracci aliwafungulia reli fupi ya kukwea jabali kutoka stesheni: mabehewa mawili yaliyofungwa kwa kamba moja ya chuma, moja likishuka lingine linapanda. Haikuwa na injini. Walijaza maji kwenye tangi la behewa la juu, likawa zito, likashuka na kulivuta la chini. Kamba hiyo ilifanya kazi mpaka 1970, ikafungwa, na ikafunguliwa tena mwaka 1990 kwa umeme. Mji uliohangaika karne nyingi kupandisha maji ukayatumia maji kupandisha watu.

Spoleto nilikwenda siku ya mvua, kwa hiyo sitaisimulia sana. Kuna daraja la ajabu la mawe linalovuka korongo, lenye urefu wa meta zaidi ya mia mbili na kimo cha kama themanini, lililobeba maji ya mji, na kuna ngome ya kardinali Albornoz ya karne ya kumi na nne iliyotumika kuwa gereza mpaka 1982. Lakini kuna lango dogo linaloitwa lango la Kukimbia. Anayesemwa kukimbia hapo ni Mwafrika mwenzetu, Hannibal, mtoto wa Carthage, karibu na Tunis ya leo. Mwaka 217 kabla ya Kristo aliwavizia Warumi kwenye ukungu kando ya ziwa Trasimeno, akaangamiza jeshi zima pamoja na konsuli Flaminius. Treni ya Terontola kuja Perugia inapita ufukweni hapohapo. Baada ya ushindi huo alikwenda Spoleto akidhani utafungua lango, nao wakamrudisha. Lile jeshi la bondeni lilimalizika asubuhi moja. Mji mdogo wa kilimani ukamshinda. Nililitazama lango hilo muda mrefu, nikiwa upande wa Hannibal.

Sasa nirudi Foligno, maana nilikuwa narudi kila jioni, na kwa kweli huko ndiko nilikojifunza zaidi.

Kwa mambo niliyoyasema, ungedhani Foligno ndiyo iliyoshinda. Ilikaa tambarare, reli ikaja kwake, karakana zikajengwa, watu wa vijiji vya juu wakashuka kutafuta ajira. Wengine hawakuishia hapo, walipanda treni hiyohiyo hadi bandarini. Kati ya 1876 na 1915 watu wapatao milioni 14 waliondoka Italia kwenda Marekani, Brazili, Argentina na nchi nyingine za Ulaya. Jioni ya sita nilimwambia Mama, kwa Kiitaliano changu cha kuokoteza, kwamba mji wake una bahati ya kuwa na reli. Alikuwa anamenya viazi. Aliweka kisu chini.

Akaniambia habari za Novemba nyingine, ya mwaka 1943. Italia ilikuwa imejisalimisha kwa majeshi ya Uingereza na Marekani, na Wajerumani walikuwa wameishika nchi kuanzia kusini mwa Roma kwenda juu. Silaha zao zilipita kwa reli. Ndege zikaja kuipiga reli, na reli ilikuwa Foligno. Mabomu yakaendelea kurudi mpaka mji ulipokombolewa Juni 1944. Bomu haliwezi kutofautisha karakana na jiko la mtu. Mama huyu alikuwa hajazaliwa bado; ni mama yake aliyefunga godoro kwenye mkokoteni, akamweka mtoto wa kwanza juu yake, akaacha nyumba wazi, na kupanda kilima. Alipokelewa katika kijiji cha juu na watu waliokuwa wakiwacheka wa bondeni kwa miguu yao laini. Walilala watu kumi na mmoja chumba kimoja. Huko juu hakukuwa na reli, kwa hiyo ndege hazikuwa na shida nako. Usiku walisimama ukutani wakitazama mji wao ukiwaka.

Kilima kilikuwa kimerudia kazi yake ya zamani.

"Mume wangu aliipenda reli," akasema, "na mimi nilimpenda mume wangu. Lakini mama yangu hakupanda treni mpaka alipokufa." Akachukua kisu akaendelea na viazi.

Sikumwambia habari za babu yangu wa Ujiji. Kiitaliano changu kisingetosha. Nilikuwa nawaza tu kwamba mzee yule aliilaumu reli miaka yote kwa kutufika pembeni, na huku kuna mama mwingine aliyeilaumu maisha yake yote kwa kufika mlangoni.

Siku hizi bonde na kilima wanashirikiana vibaya na vizuri. Tetemeko la Septemba 26, 1997 liliangusha dari la kanisa la Fransisko kule juu Assisi na kuua watu wanne waliokuwa ndani, na katikati ya Oktoba kinara cha jumba la manispaa ya Foligno, huku chini, kikaanguka mbele ya kamera za televisheni. Ardhi haikuuliza nani yuko wapi. Vijana wengi wanaishi chini penye maegesho na stesheni. Juu wamebaki wazee, maduka ya kauri, na wageni kama mimi.

Asubuhi ya mwisho ukungu ulikuwepo tena. Mama alinifungia mkate usio na chumvi na kichupa cha mafuta ya zeituni mapya, akanisindikiza mpaka mlangoni. Stesheni nilipiga tiketi muhuri mara mbili, kwa woga.

Msikilizaji wangu wa Temeke, kalenda yako usiitupe mwaka ukiisha. Itazame tena ile picha, usitazame mji. Shuka na macho, pita mizeituni, pita zile nyumba mojamoja za wakulima, mpaka ukingo wa chini kabisa wa karatasi. Kama mpiga picha hakuwa mchoyo, utaona mstari mwembamba wa kijivu ulionyooka, na pembeni yake jengo la rangi ya manjano lenye saa.